Kutoka daftarini hadi kwenye rosta: mwongozo wa kutumia data kubwa na kuandika sera za kazi katika kituo cha afya

Kila mwisho wa mwezi, katika zahanati, vituo vya afya na hospitali za Tanzania, watumishi huketi na madaftari ya MTUHA, yaani mfumo wa taifa wa taarifa za huduma za afya, huhesabu mistari, hujaza fomu za majumuisho, kisha huziingiza katika DHIS2, mfumo wa kompyuta wa kukusanyia takwimu hizo, au huzipeleka wilayani zikaingizwe huko. Kazi hiyo hula siku mbili tatu za watu ambao tayari ni wachache. Ripoti ikishapokelewa, mara nyingi kituo kilichoiandaa hakiitazami tena. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mganga mfawidhi, muuguzi kiongozi na mtunza takwimu wanaotaka data hizo zirudi kufanya kazi pale zilipozaliwa, hasa katika mambo ambayo kwa kawaida huamuliwa kwa mazoea: nani afanye kazi saa ngapi, kwa kanuni zipi, na nani aruhusiwe kuona nini.

Data kubwa si lazima iwe kompyuta zilizojaa chumba kizima. Daftari moja la leba lenye wazazi elfu moja kwa mwaka ni data ndogo. Lakini daftari hilo likiunganishwa na kumbukumbu za wagonjwa wa nje katika GoTHOMIS, mfumo wa kompyuta wa serikali wa kuendeshea vituo, madai ya bima, oda za dawa zilizopelekwa Bohari ya Dawa (MSD), majibu ya maabara na mashine ya alama za vidole inayoandika saa ya kuingia na kutoka kwa kila mtumishi, kituo huwa na picha ambayo hakuna mtu mmoja anayeweza kuishika kichwani. Ukubwa wake unatokana na kuunganika huko, na hatari yake pia inatokana na huko huko, kwa sababu taarifa tano zisizo na madhara zikiwa mbalimbali zinaweza kumweka mtu uchi zikikutanishwa.

Kwa sababu hiyo naomba sera iandikwe kabla ya hesabu kupigwa. Watumishi wanaojaza madaftari hutazama kwa makini namba zao zinatumiwaje. Wakiona kwamba namba mbaya huleta msaada, wataandika ukweli. Wakiona huleta barua ya kujieleza, wataandika kinachowalinda, na hakuna programu ya kompyuta itakayoweza kusafisha data zilizoandikwa kwa hofu.

Hatua ya kwanza: chagua uamuzi mmoja

Usianze kwa kuuliza kituo kina data gani, kwa maana swali hilo halina mwisho na huishia kwenye chati nyingi zinazobandikwa ukutani. Uliza badala yake ni uamuzi gani unaorudiwa kila mwezi bila ushahidi. Inawezekana ni idadi ya wakunga katika zamu ya usiku, siku ya kliniki ya kisukari na shinikizo la damu, au saa ambazo dirisha la dawa linahitaji mtu wa pili. Andika uamuzi huo kwa sentensi moja yenye cheo cha mwamuzi na tarehe, kwa mfano: «Muuguzi kiongozi ataamua, kabla ya tarehe 25 ya kila mwezi, wakunga wangapi wapangwe katika zamu ya usiku ya mwezi unaofuata.»

Niliwahi kusaidia kituo kimoja cha afya kuhesabu wazazi kwa saa waliyojifungua, kutoka daftari la leba la miezi sita. Zaidi ya nusu ya watoto walikuwa wamezaliwa kati ya saa mbili usiku na saa moja asubuhi, ilhali rosta ilikuwa na wakunga watatu asubuhi na mmoja usiku. Hakuna aliyepanga hivyo kwa nia mbaya. Rosta ilikuwa ikinakiliwa kutoka ya mwaka uliopita, nayo ilinakiliwa kutoka ya mwaka uliotangulia. Hesabu yenyewe ilichukua asubuhi moja, kwa kalamu na karatasi, na ndiyo iliyonifundisha kuuliza swali kabla ya kununua chombo.

Hatua ya pili: jua data zilipo

Tengeneza orodha fupi ya kila chanzo cha data, mahali kinapotunzwa, cheo cha mtunzaji, na kama kipo kwenye karatasi au kwenye mfumo. Kwa uamuzi wa zamu utahitaji Kitabu Na. 5 cha wagonjwa wa nje, Kitabu Na. 6 cha wajawazito, Kitabu Na. 12 cha wazazi, rosta zilizotumika kweli badala ya zile zilizopangwa tu, na kumbukumbu za likizo na ugonjwa. Rosta zilizotumika ndizo hupotea kwanza, kwa sababu mabadiliko hufanywa kwa simu na hayaandikwi popote. Kama hazipo, anza kuzitunza leo na usubiri miezi mitatu kabla ya kwenda mbele.

Hatua ya tatu: pima ubora kabla ya kuamini

Chukua mwezi mmoja, hesabu upya mistari ya daftari, kisha gawanya ulichohesabu kwa idadi iliyoripotiwa. Jibu likiwa kati ya 0.9 na 1.1, yaani tofauti isiyozidi asilimia 10 kila upande, unaweza kuendelea kwa tahadhari. Likiwa 0.7, ripoti imezidisha, likiwa 1.3, kuna huduma zilizofanyika ambazo hazikufika kwenye fomu, na mara nyingi ni zile za usiku na za mwisho wa wiki, yaani zile hasa unazohitaji kuziona.

Baada ya hapo tazama tarakimu za mwisho. Shinikizo la damu lililopimwa kwa kweli haliwezi kuwa 120/80 kwa wanawake kumi na wanane waliofuatana. Saa za kuzaliwa ambazo karibu zote huishia na dakika 00 au 30 zinaonyesha kwamba ziliandikwa kwa kukisia baada ya tukio, na umri unaorundikana kwenye miaka 20, 25, 30 na 35 husema jambo kama hilo. Chati ya friji ya chanjo ambayo imeandikwa nyuzi 4 asubuhi na jioni kwa miezi mitatu, hata siku ambazo umeme ulikatika, inapaswa kukutia wasiwasi zaidi kuliko ile inayopanda na kushuka.

Ukikuta dalili hizi, usitafute mkosaji. Keti na wanaojaza daftari uwaulize daftari hujazwa saa ngapi, nani hulijaza mkunga anapokuwa peke yake na wazazi wawili, na kwa nini grafu ya uchungu hukamilishwa mtoto akiwa amekwisha kuzaliwa. Majibu karibu kila mara yanahusu wingi wa kazi. Kwa hiyo ubovu wa data wenyewe ni ushahidi wa kwanza unaohusu upangaji wa watumishi, na unastahili kuandikwa kwenye taarifa yako jinsi ulivyo.

Kuwa mwangalifu pia na kigawanyo, yaani idadi ya watu unayogawanyia ili kupata asilimia. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 Tanzania, na makadirio ya walengwa wa kila kituo hutokana na hesabu za namna hiyo zilizogawanywa hadi ngazi ya chini. Kituo kilicho kando ya barabara kuu au mpakani mwa wilaya hupokea watu wa maeneo mengine, na ndiyo maana utaona kiwango cha chanjo cha asilimia 120. Kwa upangaji wa zamu tumia idadi halisi ya waliohudumiwa, si asilimia ya walengwa, kwa kuwa mkunga humhudumia mama aliyefika, hata kama kwenye makadirio anahesabiwa katika kata nyingine.

Hatua ya nne: linganisha kazi na watu

Shirika la Afya Duniani lina mbinu iitwayo WISN ya kukokotoa idadi ya watumishi kutokana na kazi iliyopo badala ya idadi ya vitanda au watu wa eneo. Haihitaji kompyuta kubwa. Mfano ufuatao ni wa kujifunzia, nawe utaweka namba za kituo chako.

Anza na muda ambao mtumishi mmoja anapatikana kwa mwaka. Wiki 52 zenye siku tano za kazi ni siku 260. Ondoa siku 20 za kazi zilizomo katika likizo ya siku 28, siku 14 za sikukuu, siku 6 za ugonjwa na siku 5 za mafunzo. Zinabaki siku 215, ambazo kwa saa 8 kila siku ni saa 1,720.

Kisha wataalamu wa kituo wakubaliane ni muda gani unahitajika kutoa kila huduma vizuri. Wasiandike muda unaotumika leo kwa haraka, kwani ukipima kwa mwendo wa mtu aliyezidiwa utahalalisha kuzidiwa kwake. Tuseme wamekubaliana saa 8 za mkunga kwa kila mzazi na dakika 20 kwa kila hudhurio la mjamzito. Mkunga mmoja basi anaweza kuhudumia wazazi 215 kwa mwaka, au mahudhurio 5,160. Kituo chenye wazazi 1,290 na mahudhurio 2,580 kinahitaji wakunga 6 kwa leba na nusu ya mkunga kwa kliniki, jumla 6.5. Kama asilimia 10 ya muda wa kila mmoja huenda kwenye kukabidhiana zamu, ripoti na vikao, gawanya 6.5 kwa 0.9 upate 7.2. Kituo kikiwa na wakunga wanne, uwiano wake wa waliopo kwa wanaohitajika ni takriban 0.55, maana yake wanne hao wanabeba karibu mzigo wa watu saba.

Namba hiyo ina matumizi mawili. Ndani ya kituo inakuonyesha idara yenye uwiano mkubwa zaidi ambayo inaweza kumtoa mtu akasaidie idara nyingine kwa saa fulani, mradi ana ujuzi unaohitajika. Nje ya kituo, ni kiambatisho cha barua ya kuomba ikama, yaani nafasi za watumishi zilizoidhinishwa, kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, na barua yenye hesabu kama hiyo hujibiwa kwa namna tofauti na barua inayosema tu kwamba watumishi hawatoshi.

Upungufu huu hauishii kwenye uchovu wa watumishi. Utafiti wa hospitali za nchi tisa za Ulaya uliochapishwa mwaka 2014 katika jarida la Lancet ulionyesha kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa muuguzi aliambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30 baada ya kulazwa. Utafiti huo ulijengwa juu ya kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 400,000, na ndio mfano bora ninaoujua wa data kubwa kuzaa hoja ya sera ya kazi.

Hatua ya tano: andika sera ya zamu, kisha ipime kwa data

Sera ya zamu iwe fupi kiasi cha kusomwa na muuguzi anayeripoti kazini kwa mara ya kwanza. Iseme rosta hutoka lini, nani anaweza kuibadili, mabadiliko huandikwa wapi, na mtu aliyezidiwa amwite nani saa tisa usiku. Mipaka yake ya chini imekwisha kuwekwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004: saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku, saa zisizozidi 12 kwa siku hata ukijumlisha za ziada, saa za ziada zisizozidi 50 katika kipindi cha wiki nne, mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine, na mapumziko ya saa 24 kwa wiki. Sheria hiyo huhesabu usiku kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na humlinda mjamzito asilazimishwe kufanya kazi ya usiku katika miezi miwili kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua.

Hapa ndipo data hufanya kazi ambayo jicho haliwezi. Ingiza rosta zilizotumika za miezi mitatu kwenye jedwali la kompyuta, kila zamu na saa ya kuanza na kumaliza, kisha uliza ni mara ngapi mapumziko yalikuwa chini ya saa 12. Mtumishi anayemaliza zamu ya jioni saa mbili usiku na kurudi saa moja asubuhi amepumzika saa 11. Kwenye karatasi hakuna anayeigundua saa hiyo iliyopungua, kwa kuwa zamu hizo mbili zimeandikwa katika safu za siku mbili tofauti. Hesabu pia nani amefanya usiku mara nyingi zaidi. Si ajabu kukuta watumishi wapya na wasio na familia jirani wanabeba sehemu kubwa, na kwamba hakuna aliyewahi kuamua iwe hivyo.

Weka ndani ya sera kile kitakachofanyika namba ikivuka mpaka. Kwa mfano: ikiwa mkunga mmoja amekuwa peke yake na wazazi zaidi ya wawili wenye uchungu kwa usiku tatu katika mwezi, mganga mfawidhi atapanga mtu wa pili mwezi unaofuata, au ataandika sababu ya kushindwa na kuisoma kwenye kikao cha watumishi. Sehemu ya pili ya sentensi hiyo ni ya lazima. Bila hiyo sera itavunjwa kimya kimya tangu mwezi wa kwanza wenye shida.

Hatua ya sita: linda data za watumishi

Sehemu hii wengi huiruka, nami naiona kuwa ndiyo roho ya kazi yote. Mashine ya alama za vidole, majina ya watumiaji kwenye mfumo, idadi ya wagonjwa aliowaona kila daktari na kumbukumbu za majeraha ya sindano zote ni taarifa binafsi za wafanyakazi. Sera itaje kila mojawapo kwa jina, iseme inakusanywa kwa lengo gani, nani anaiona, inahifadhiwa muda gani, na haitatumika kwa jambo gani.

Jeraha la sindano ni mfano ulio wazi. Mtumishi aliyechomwa anapaswa kuanza dawa za kinga dhidi ya VVU mapema iwezekanavyo na si baada ya saa 72. Akijua kwamba taarifa yake itaonwa na ofisa utumishi, au itahesabiwa kuwa uzembe wake, atanyamaza, na saa hizo zitapita. Kwa hiyo daftari la majeraha litunzwe na mtu mmoja anayehusika na afya za watumishi, lisiingie kwenye jalada la nidhamu kwa hali yoyote, na kinachofika kwenye kikao kiwe ni mahali, saa na aina ya kifaa tu. Majumuisho hayo yanatosha kabisa kuonyesha, kwa mfano, kwamba majeraha mengi hutokea mwisho wa zamu ya usiku, karibu na sanduku la vifaa vyenye ncha kali lililojaa.

Kuhusu upimaji wa utendaji, tenganisha data za kuboresha huduma na data za kumpima mtu. Idadi ya wagonjwa kwa daktari haisemi chochote hadi ujue aina ya wagonjwa. Anayepewa kesi ngumu ataonekana mvivu. Uingereza ilipata funzo chungu katika hospitali ya Mid Staffordshire, ambako uchunguzi ulioongozwa na Robert Francis, ripoti yake ikatolewa 2013, ulieleza uongozi uliokuwa umeelekeza macho kwenye malengo ya kitakwimu na hesabu za fedha huku wagonjwa wakikosa huduma za msingi na wafanyakazi wakiogopa kusema. Kwetu, majaribio ya malipo kwa matokeo yaliyoanza mkoani Pwani mwaka 2011 yalilazimika kuwa na uhakiki wa data ndani yake. Popote namba inapofungamana na malipo au adhabu, tenga muda wa kuihakiki, na uandike hivyo ndani ya sera.

Hatua ya saba: usiri wa mgonjwa, akiwemo mtumishi mwenzako

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023 na kusimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na, kwa sekta hii hasa, Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023. Zote huzihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kituo kihakikishe kimesajiliwa inavyotakiwa, kimemteua anayehusika na ulinzi wa taarifa, na kinajua cha kufanya taarifa zikivuja. Nchini Kenya Kamishna wa Data hutakiwa kujulishwa ndani ya saa 72 tangu mhusika kufahamu uvujaji wenye hatari ya kweli kwa watu.

Katika utekelezaji wa kila siku, kila mtumishi awe na nywila yake mwenyewe. Nywila moja ya idara nzima iliyobandikwa kwenye kioo cha kompyuta inafuta uwezekano wa kujua nani alifungua jalada gani. Mpangilio wa ruhusa ufuate kazi: aliye mapokezi aone jina na namba ya jalada, asione majibu ya maabara. Picha za wagonjwa, fomu na majibu visitumwe kwenye makundi ya WhatsApp, hata kundi likiwa la wahudumu watupu. Kama kuna ulazima wa kuomba ushauri wa daktari wa mbali, sera itaje njia inayoruhusiwa.

Fikiria hasa mtumishi anayetibiwa katika kituo chake. Muuguzi anayetumia dawa za kufubaza VVU, au daktari anayetibiwa msongo wa mawazo, anajua wenzake wanaweza kufungua jalada lake kwa kubofya mara mbili. Wengi husafiri hadi wilaya nyingine kufuata dawa, na baadhi huacha. Sheria ya VVU na UKIMWI ya 2008 inalinda siri hiyo, lakini kinachomlinda mtu siku ya Jumatatu ni kipengele cha sera kinachosema majalada ya watumishi hufungwa kwa ruhusa maalumu, na kwamba orodha ya waliofungua jalada hupitiwa kila mwezi na mtu asiye wa idara hiyo.

Jambo la mwisho katika hatua hii ni namba ndogo. Chati ukutani inayosema kwamba katika kijiji fulani msichana mmoja mwenye miaka 14 alijifungua mwezi uliopita haijaficha jina la mtu yeyote. Weka kanuni kwamba hesabu iliyo chini ya 5 haibandikwi wala haitolewi nje ikiwa imegawanywa kwa kijiji, umri na jinsia. Mtafiti Latanya Sweeney alionyesha Marekani mwaka 2000 kwamba tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya eneo la posta vilitosha kuwatofautisha takriban asilimia 87 ya watu wa nchi hiyo, na kijijini hata vitu hivyo vitatu ni vingi mno.

Hatua ya nane: programu zinazobashiri

Kituo kitaletewa, kama bado hakijaletewa, programu inayodai kubashiri nani atakosa kliniki, nani atapata kifafa cha mimba, au wagonjwa wangapi watafika wiki ijayo. Kabla ya kuikubali, uliza ilifundishwa kwa data za wapi, na inabashiri kitu gani hasa.

Swali la pili lina uzito kuliko linavyoonekana. Mwaka 2019, Ziad Obermeyer na wenzake walionyesha katika jarida la Science kwamba programu iliyotumiwa sana Marekani kuchagua wagonjwa wa kupewa uangalizi wa ziada ilikuwa ikibashiri gharama za matibabu, si ugonjwa. Kwa kuwa fedha kidogo zaidi zilikuwa zikitumika kuwatibu Wamarekani weusi kwa ugonjwa ule ule, programu iliwaona kuwa wazima kuliko walivyokuwa. Kwetu madai ya bima yana kasoro ya jinsi hiyo: yanamwonyesha aliye na kadi na aliyefika, na hayamjui kabisa aliyekosa nauli.

Iendeshe programu kimya kwa miezi mitatu, ikibashiri bila mtu yeyote kufuata ushauri wake, kisha linganisha ubashiri na yaliyotokea katika madaftari yako. Mfumo wa Epic, kampuni ya programu za hospitali, wa kugundua maambukizi ya damu, ulioenea katika hospitali nyingi za Marekani, ulipopimwa kwa njia huru na watafiti wa Michigan mwaka 2021 ulionekana kuwakosa wagonjwa wawili katika kila watatu waliokuwa na tatizo hilo, huku ukipiga kengele nyingi zisizo na maana. Sera iseme wazi kwamba programu hushauri na mtaalamu huamua, kwamba mtaalamu aliyeupinga ushauri kwa sababu aliyoiandika hataadhibiwa, na kwamba mgonjwa ana haki ya kutoamuliwa na mashine peke yake, haki ambayo sheria za Tanzania na Kenya zinaitambua.

Hatua ya tisa: siku mfumo unapozimika

Shambulio la kimtandao la WannaCry la Mei 2017 lilisababisha kufutwa kwa miadi inayokadiriwa kufikia 19,000 katika huduma ya afya ya Uingereza. Kwetu chanzo cha kawaida ni umeme na mtandao. Tunza fomu za karatasi za siku tatu mahali panapojulikana, amua nani ataziingiza mfumo ukirudi, na umpe muda wa kazi hiyo kwenye rosta. Nakala rudufu ijaribiwe kufunguliwa kila robo mwaka, maana nakala isiyowahi kujaribiwa huweza kuwa tupu.

Hatua ya kumi: ipitishe na uiwekee tarehe

Rasimu isomwe kwanza na wale itakaowagusa: wahudumu wa leba, mapokezi, maabara, usafi na ulinzi. Mhudumu wa usafi anajua majalada yanayotupwa yakiwa mazima, na mlinzi anajua nani huingia ofisi ya kumbukumbu usiku. Ipelekwe kwa wawakilishi wa wafanyakazi, wakiwemo wa TUGHE, chama cha wafanyakazi wa serikali na afya, pale walipo, kisha kwa kamati ya usimamizi wa kituo yenye wajumbe kutoka jamii, ambao wana haki ya kujua taarifa za majirani zao zinatunzwaje.

Iwe na tarehe ya kuisha, mwaka mmoja tangu kupitishwa, ili isibaki kabatini ikitajwa na watu wasioisoma. Kila mwezi, katika kikao cha watumishi, tenga dakika ishirini za kusoma namba tatu tu: zamu zilizovunja mapumziko ya saa 12, usiku ambazo mkunga alikuwa peke yake na wazazi zaidi ya wawili, na uwiano wa daftari na ripoti. Mtunza takwimu azisome kwa sauti, mganga mfawidhi aseme amefanya nini kuhusu za mwezi uliopita, na jibu lake liandikwe kwenye muhtasari siku hiyo hiyo, chini ya namba husika.